Uti wa Mgomba kwenye Mguu wa Diwani

Ninyi mnaoanza kazi ya maabara sasa mna bahati, mmeikuta lugha imeshatengenezwa. Ukisema seli shina, mwenzako anaelewa. Ukisema kiunzi, hakuna anayedhani unamzungumzia fundi wa paa. Mimi nilipoanza nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba nimehamishiwa kwenye kazi ya kuosha migomba. Aliniuliza kwa upole kama nimegombana na mkubwa wangu.

Nimestaafu. Asubuhi nakata majani ya ng'ombe, napalilia kahawa, na saa za mchana simu yangu inaita: ni mmoja wenu, kiunzi chake kimegeuka rangi, au seli zake zimegoma kushika. Nawajibu nikiwa na jembe mkononi. Nimeona niandike, maana mengi mnayoniuliza niliyajua kwa sababu ya ndama mmoja wa Kirua Vunjo, na habari yake hamjaisikia yote.

Kwanza, kwa wale walioingia jana, nieleze kazi yenyewe. Mfupa ukipoteza kipande, seli zinazoweza kujenga upya zipo mwilini, nyingine zimo kwenye uboho. Shida ni kwamba hazina pa kukaa. Ukizimimina tu kwenye pengo zinatawanyika na kufa. Zinataka kitu cha kushika, chenye vyumba vidogo na njia za kupitisha maji na chakula. Hicho ndicho kiunzi. Wengine hukitengeneza kwa mitambo ambayo sisi tuliiona kwenye picha tu. Sisi tulikitafuta kwenye mimea. Unauosha mmea mpaka seli zake zote zitoke, unabaki na kuta nyeupe tupu, halafu humo unaotesha seli za mnyama. Ni kama kumhamisha mpangaji na kuingiza mwingine, ila nyumba lazima uisafishe kwelikweli.

Usafi nilifundishwa na Mzee Anaeli, nikiwa bado napima damu na choo kwenye maabara ya hospitali. Alikuwa fundi sanifu wa zamani, mrefu, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. Yeye alitaka unawe mikono huku ukiimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani, kwa mwendo wa kanisani, si mwendo wa haraka. Wapo waliochagua nyimbo zenye beti fupi. Aliwajua kwa majina na aliwarudisha kwenye bomba. Jambo la pili alilosisitiza ni kutozungumza juu ya chupa iliyo wazi. Mimi ni msemaji, mnanijua, kwa hiyo hilo lilinichukua miaka.

Mradi wa viunzi uliletwa na Daktari Neema. Alikuwa mdogo kwangu, kila asubuhi ananiamkia shikamoo mama, halafu ananipa kazi ya kunitoa jasho. Wazazi wake walitoka mkoa mwingine kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko chini, na yeye alikulia kwenye nyumba za wafanyakazi. Si ajabu kwamba alianza na miwa. Aliijua, aliipenda, na aliamini nyuzi zake zingetufaa. Miwa ilitukatalia. Ilikuwa migumu, na sukari iliyobaki ndani iliita kuvu. Tulikuwa tukifungua inkubeta, lile kabati la joto la kuoteshea seli, tunakuta sahani zimeota manyoya ya kijani, na Daktari Neema anasema taratibu, haya, tena.

Mgomba aliugundua nyumbani kwangu. Nilimwalika Jumapili moja baada ya ibada, nikampikia mtori wa ndizi na nyama. Mume wangu alikuwa kihambani, kwenye shamba la hapo nyuma ya nyumba, akikatakata migomba iliyokwisha kuzaa kwa ajili ya ng'ombe. Daktari Neema alitoka kunawa mikono, hakurudi. Nilimfuata, nikamkuta amechuchumaa kwenye majani makavu na gauni lake la kanisani, ameshika kipande cha uti wa jani la mgomba, anakitazama dhidi ya jua. Mkikata uti ule kwa upana mtaona alichokiona: vyumba vimepangwa safu kwa safu, na kati yake kuna kuta nyembamba kama kitambaa cha chandarua. Mume wangu alisimama na panga lake, hajui kama aendelee au angoje. Mtori ulipoa. Jumatatu Daktari Neema aliniomba nije na mzigo wa mabua hayo kazini, na mlinzi wa getini akaniuliza kama maabara imeanza kufuga.

Sasa sikilizeni ninavyochagua, maana hamtakuta popote. Uti usiwe wa jani changa mno, utayeyuka kwenye dawa. Usiwe wa jani lililoanza kukunjamana. Ukate asubuhi kabla jua halijaupiga, na usikate mgomba ulio karibu na zizi, utakuletea vijidudu vya kila namna. Suuza, kata vipande, vizamishe kwenye maji ya sabuni ya maabara na uviache vitikiswe polepole. Kijani kinatoka kwanza, halafu rangi ya maziwa, mwisho kipande kinapitisha mwanga. Siku ya kwanza tulipopata kipande cheupe namna ile tulikizungusha mkono kwa mkono kama mtoto mchanga.

Halafu seli zikafa. Tuliziweka pale, na kesho yake zilikuwa zinaelea kama vumbi. Tulilaumu inkubeta, tukalaumu maji, tukalaumu moshi wa jenereta. Tulibadilisha kila kitu, zikaendelea kufa. Siku moja Daktari Neema alichukua chupa yenye viunzi, maji yake meupe kama ya chemchemi, akaitikisa kwa nguvu kwa sababu ya hasira tu. Povu likapanda. Sabuni ilikuwa bado imo, imejificha kwenye kuta. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Tangu hapo tulisuuza kwanza kwa maji yenye chumvi ya kalsiamu, ambayo huikamata sabuni, ndipo tukaendelea na maji safi, na hakuna kiunzi kilichotoka mezani kwangu bila kutikiswa. Mnaponipigia simu, swali langu la kwanza ni lile lile: umetikisa?

Seli ikipenda mahali hujinyoosha. Inatoa miguu, inashika ukuta. Isipopenda hubaki duara kama punje ya ulezi. Nilipoziona kwenye hadubini zimejinyoosha ndani ya vyumba vya mgomba, nilimwita Daktari Neema, akatazama, akaniita mimi nitazame tena, na hatukuweza kufanya kazi nyingine siku ile. Baadaye tulijaribu kwenye mifupa ya sungura, kwa kibali, na sungura walikwenda vizuri. Lakini sungura ni mwepesi, na mfupa wake hupona upesi. Kila aliyetutembelea alituuliza lini tutamfanyia mnyama mwenye uzito.

Hapo ndipo alipokuja Godlisten. Huyu ni daktari wa mifugo aliyekuwa akizunguka na pikipiki kuanzia Himo mpaka Kirua, na alikuja maabara na buti zake zenye matope bila miadi. Alitueleza habari ya ndama jike wa mjane mmoja, Bibi Ndeanasia. Nguzo ya mlango wa zizi ilimwangukia ndama mguu wa nyuma. Mfupa ulivunjika, kidonda kikaoza, na Godlisten akalazimika kuondoa kipande cha mfupa kilichokufa. Kidonda alikiponya. Pengo lilibaki. Ndama alikuwa na hogo, ile plasta ngumu, mguuni, anaruka kwa miguu mitatu, na mfupa hauungi. Mama yake ndama alikufa muda mfupi baada ya kumzaa. Kwa hiyo kwa bibi yule hakukuwa na ng'ombe mwingine, wala mbegu nyingine ya ng'ombe yule aliyemsomeshea watoto kwa maziwa. Mchinjaji alikwisha kuja mara mbili kumtazama.

Daktari Neema hakukubali papo hapo. Alisema hajawahi, na mnyama wa mtu si sungura wa maabara. Godlisten akasema basi njooni mwambieni hivyo hivyo mwenyewe.

Tulipanda Kirua mimi, Daktari Neema na Godlisten. Bibi Ndeanasia alikuwa mwembamba, amejifunga kanga mbili na sweta la mwanamume, na alipokea shikamoo zetu huku akitukagua viatu. Ndama tulimsikia kabla ya kumwona. Jina lake lilikuwa Diwani, kwa sababu tangu azaliwe hakunyamaza, na kila mpita njia alimlilia kama anayeomba kura. Alikuwa wa kahawia, mwenye doa jeupe usoni, na alitusogelea akirukaruka kwa ile miguu mitatu, akaanza kula mkanda wa mkoba wangu.

Daktari Neema alieleza kila kitu, polepole, kwa Kiswahili cha nyumbani. Uboho utachotwa kwenye nyonga ya Diwani mwenyewe. Seli zitaoteshwa maabara kwenye uti wa mgomba uliosafishwa. Mguu utafunguliwa, pengo litajazwa, na bamba la chuma litabeba uzito wakati mfupa unajengeka. Bibi aliuliza kama ng'ombe ataota migomba. Aliambiwa hapana, ule mgomba utakuwa umebaki kuta tu. Akauliza kama amewahi kupona ng'ombe mwingine kwa njia hii. Aliambiwa hakuna, sisi hatujamfanyia ng'ombe hata mmoja, na ikishindikana tutakuwa tumemwongezea Diwani maumivu ya bure.

Bibi aliutazama mlima, ambao siku hiyo ulikuwa umefunikwa na mawingu, kama vile mtu atatoka huko kumshauri.

"Mchinjaji ameniahidi kila kitu," alisema. "Ninyi hamkuniahidi hata kimoja. Mchukueni."

Daktari Neema alishuka mteremko ule mpaka barabarani. Pale akaniambia, "Mama, sasa ninaogopa kweli."

Uboho tuliuchota, seli zikaota vizuri kuliko za sungura yeyote. Viunzi nilivichagua mwenyewe kipande kwa kipande. Tulivizamisha zamu kwa zamu kwenye maji yenye chumvi zile zinazojenga mfupa, mpaka vikakakamaa kidogo, ndipo tukapanda seli. Kila asubuhi nilifungua kabati la joto nikiwa sijavua hata skafu. Zilijinyoosha, zikajaza vyumba. Siku ya upasuaji ilipangwa, pikapu ya kumleta Diwani ikatafutwa.

Wiki hiyo hiyo sahani moja iliota kuvu. Doa dogo pembeni, kama unga. Zile nyingine zilikuwa safi kwa macho. Tulikuwa wawili mezani, na wote tulijua yaliyomo kwenye sahani zile: kazi yote, na matumaini ya bibi mzima. Daktari Neema aliniuliza ninaonaje. Nilimwambia sahani zote zilikaa kwenye rafu moja, na doa lisiloonekana leo litaonekana ndani ya mguu. Aliinamisha kichwa. Halafu akachukua dawa ya kuulia vijidudu, akamimina mwenyewe kwenye sahani zote, moja baada ya nyingine, na kila moja aliitazama kabla ya kumimina. Wanangu, mtapata siku ya namna hii. Ikija, msitafute sababu za kuokoa kazi. Mwageni, mlie kidogo, muanze.

Kilichotutisha ni kumweleza Bibi Ndeanasia, maana Diwani ilibidi achomwe tena nyongani na kusubiri tena, naye alikuwa anazidi kukua na uzito unazidi. Tulipanda tena. Bibi alisikiliza, akauliza tu kama tumetupa zote. Tukamwambia zote. Akasema yeye maziwa yakiharibika huyamwaga hata kama ameyakamua kwa shida, hajui kwa nini tumekuja na nyuso za msibani. Akatupa ndizi za kuchoma.

Mara ya pili hakuna kilichoota ila seli. Diwani aliletwa kwa pikapu kupitia Himo, akipiga kelele njia nzima, na watu wa sokoni walisimama kumtazama. Alinyamaza alipopewa nusu kaputi, na chumba kikawa kimya mno. Godlisten alifungua mguu. Kazi yangu ilikuwa kutoa viunzi kwenye maji yake na kumpa Daktari Neema kwa kibanio, bila kuvibana, bila kuviangusha, bila kuzungumza. Niliona pengo lenyewe, upana wa kidole gumba changu, na ncha mbili za mfupa zinazotazamana. Vipande vyetu vyeupe vilijipanga humo kama vilizaliwa humo. Bamba likafungwa, ngozi ikashonwa. Tulipotoka nje Godlisten alikaa kwenye ngazi, akavua kofia, akasema amesikia njaa ya wiki nzima.

Baada ya hapo kazi ni kungoja, na kungoja nako ni ujuzi. Picha ya kwanza ya eksirei ilionyesha pengo jeusi vilevile. Godlisten alisema ni mapema. Bibi alitupigia simu kutuuliza tumeona nini, Daktari Neema akamwambia hatujaona kitu. Picha iliyofuata ilikuwa na ukungu mwembamba katikati, wa kijivu, ambao mimi niliuona na Godlisten akasema nauona kwa sababu nautaka. Tulibishana juu ya ukungu ule kama watu wa mpira. Diwani wakati huo alikuwa anautumia mguu kidogo kidogo, anauweka chini, anauinua, kama anayepima maji ya moto.

Picha ya tatu niliipokea mimi. Daktari Neema alikuwa kwenye kikao mjini. Niliishika kwenye taa, na pale palipokuwa peusi palikuwa na daraja jeupe, limetoka ncha moja hadi nyingine, la kupindapinda kidogo lakini zima. Sikupiga simu. Nilitoka na koti langu la maabara, nikatembea hadi kwenye kikao, nikagonga mlango. Aliponiona alisimama kabla sijasema kitu. Alitoka kwenye korido, akaitazama picha dhidi ya dirisha, akanikumbatia, na sote wawili tukaangua kilio. Watu wa kikao walitoka kuuliza nani amefariki.

Niwaambie na yaliyo magumu, msije mkaniita muongo. Daktari Neema mwenyewe ndiye alikuwa wa kwanza kukumbusha kwamba ndama mmoja si ushahidi, kwamba Diwani alikuwa bado anakua na huenda mwili wake ulisaidia zaidi ya tunavyojua. Baada yake tuliwafanyia wanyama wengine wa wafugaji. Wengi walikwenda vizuri, wapo ambao mfupa haukuunga, na tuliwaendea wenyewe tukawaeleza uso kwa uso. Kwa binadamu bado hatujafika, hiyo ni kazi yenu. Msiharakishwe na mtu anayetaka picha ya gazeti. Lakini msiogope pia.

Diwani alikua. Bamba lilitolewa, manyoya yakaota juu ya kovu, akapandishwa, akashika mimba. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu Bibi Ndeanasia aliponipigia simu asubuhi, sauti yake ikipanda na kushuka, akichanganya Kichagga na Kiswahili, akisema njooni, amezaa, jike. Nikamchukua Daktari Neema, tukapanda.

Diwani alikuwa amesimama kwa miguu yake minne ndani ya zizi, na chini yake ndama mwenye unyevu bado anamsukuma kiwele kwa kichwa, kwa nguvu, kama wanavyofanya. Kila akisukumwa uzito wote ulikwenda kwenye miguu ya nyuma, na ule mguu haukutetereka. Bibi alikuwa ameshika ndoo, anacheka huku machozi yanamtiririka, anarudia aika, aika, ahsante hiyo ya kwao, sijui anamwambia nani kati yetu na Mungu.

Daktari Neema alipiga magoti kwenye majani. Alitaka kuupapasa ule mfupa kwa mkono wake, pale kwenye kovu. Nilimwambia aache, ng'ombe ana mtoto. Hakunisikia. Aligusa tu, na Diwani akamrushia teke kwa mguu uleule, teke safi, la begani, lililomlaza chali kwenye samadi.

Bibi aliangusha ndoo. Mimi nilikimbilia kumwinua, nikamkuta amelala pale, koti lake jeupe limeharibika lote, ameshika bega na anacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia maabara.

"Mama, umeliona?" aliniuliza. "Umeliona lilivyo na nguvu?"